Nani Anapakia, Nani Anafyatua? Kuufumbua Utata wa Bunduki za "Otomatiki" na Sheria Zake

Kwenye kibaraza cha fundi cherehani mmoja pale Mwanjelwa, Mbeya, ambapo mimi hupita jioni nyingi kunywa kahawa, ulizuka ubishi ambao ulinifuata hadi nyumbani. Mmoja wetu alikuwa akitusomea kutoka kwenye simu taarifa ya silaha zilizokamatwa, na orodha yake ilikuwa ya aina ambayo kila msikilizaji wa redio ameizoea: magobore kadhaa, bunduki moja aina ya SAR na nyingine aina ya SMG. Kijana wa bodaboda akatangaza kwamba ukiondoa magobore, zilizobaki zote ni otomatiki. Fundi, ambaye mguu wake haukuwa umetoka kwenye pedali, akasema otomatiki ni ile ya kwenye sinema inayomwaga risasi kama mvua, na kwamba nyingine zote ni bunduki za kawaida tu. Mzee mmoja aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Mafinga, enzi za ujana wake, akacheka na kusema, "Wajukuu zangu, SAR si SMG, hata kama risasi zake ni zilezile." Tulipomwomba afafanue, daladala ya Uyole ikawa imefika, naye akapanda.

Mimi si mwanajeshi wala mwindaji, na sijawahi kumiliki silaha. Ni mpenzi wa mitambo tu: nimefungua saa, redio na pampu za maji kwa sababu moja, kutaka kujua kitu gani kinasukuma kitu gani. Bunduki nimezifahamu kwa njia hiyohiyo ya udadisi, kupitia vitabu, makumbusho na mazungumzo na watu waliozitumia kazini. Makala haya hayafundishi kulenga wala kutengeneza silaha. Yanachofanya ni kulifungua neno moja, otomatiki, ambalo katika Kiswahili chetu cha mitaani limebeba mizigo miwili tofauti, na kisha kuonyesha kwa nini sheria za nchi mbalimbali zimechora mstari wa marufuku mahali tofauti, kiasi kwamba mtu akisoma habari za Marekani akiwa Mbeya anaweza kudhani anasoma habari za kwao.

Tuanze na risasi yenyewe. Kile tunachokiita risasi kwa mazoea ni kifurushi chenye vitu vinne: ganda la shaba au chuma, baruti iliyomo ndani yake, fataki ndogo iliyopachikwa kitakoni, na mbele kabisa kipande cha madini kinachoruka, ambacho ndicho risasi hasa. Kidole kinapovuta kifyatulio, chuma kidogo kinagonga fataki, fataki inawasha baruti, baruti inageuka gesi yenye nguvu kubwa, na gesi hiyo inakisukuma kile kipande kupitia kwenye mtutu. Hapo mlio umekwisha kusikika, lakini kazi ya mtambo iko nusu. Ganda tupu bado limo ndani. Ni lazima litolewe, risasi nyingine iingizwe, mlango wa nyuma wa mtutu ufungwe barabara, na kile chuma cha kugonga kiandaliwe upya. Ni kama mama anayekaanga vitumbua: kitumbua kikiiva lazima akitoe, amimine unga mwingine, ndipo chungu kiwe tayari tena.

Tofauti zote kati ya aina za bunduki ambazo watu hubishania zinatokana na maswali mawili kuhusu mzunguko huo. Swali la kwanza ni hili: baada ya risasi kutoka, nani anapakia inayofuata, mkono wa mtu au mtambo wenyewe? Swali la pili: nani anafyatua inayofuata, kidole cha mtu kwa kuvuta upya au mtambo wenyewe kwa kuwa kidole bado kimeshikilia? Mtu akiyashika maswali haya mawili, hata akikutana na silaha asiyoijua jina anaweza kuiweka kwenye kundi lake.

Gobore linajibu maswali yote mawili kwa namna moja: mtu. Katika vijiji vyetu vya nyanda za juu, hasa vilivyo karibu na mapori, gobore limefuliwa na wahunzi kwa vizazi vingi, mtutu wake mara nyingine ukiwa bomba la kawaida la chuma. Hupakiwa kwa mbele. Mwenye nalo humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akasindilia kwa ufito pamoja na kitambaa au nyuzi za katani, akatia gololi au vipande vya chuma, akasindilia tena, kisha akaweka fataki. Akishafyatua, anarudi mwanzo kabisa wa safari, huku moshi mzito wa baruti nyeusi ukimtangaza alipo. Kwa mtu hodari kazi hiyo ni ya karibu dakika nzima, na mvua ikinyesha huenda isifanikiwe kabisa.

Hatua iliyofuata katika historia ni risasi yenye ganda, inayoingizwa kwa nyuma ya mtutu, na hapa Iringa ina somo lake. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kiliviziwa na jeshi la Mtwa Mkwawa. Askari wa Zelewski walikuwa na bunduki za Mauser za muundo wa mwaka 1871, ambazo hubeba risasi moja tu kwa wakati: unafungua, unatia, unafunga, unafyatua, unaanza upya. Wahehe walitoka vichakani kwa mikuki kutoka umbali mfupi, na wengi wa askari wale hawakupata nafasi ya kufyatua zaidi ya mara moja au mbili kabla ya kufikiwa. Zelewski aliuawa, na bunduki zipatazo 300 zikaangukia mikononi mwa Wahehe. Sisemi kwamba mtambo wa bunduki ndio ulioamua vita. Uongozi wa Mkwawa na uchaguzi wa mahali ndivyo vilivyoamua. Lakini ukitaka kuelewa maana ya swali "nani anapakia?", hapana mfano ulio wazi kuliko askari aliyesimama na ganda tupu ndani ya mtutu wakati mkuki uko hatua kumi.

Baadaye bunduki za namna hiyo zilipewa magazini, yaani kisanduku kinachohifadhi risasi kadhaa zikisukumwa na springi, lakini mkono wa mtu ukabaki kuwa ndio unaopakia. Raifoli nyingi za wawindaji hadi leo zina komeo linaloendeshwa kwa mkono, na kama umewahi kufunga mlango wa choo cha nje kwa komeo la chuma basi mwendo wake unaujua: unainua, unavuta nyuma, unasukuma mbele, unalaza. Kuvuta nyuma kunalitupa ganda tupu, kusukuma mbele kunaingiza risasi mpya. Bunduki ya walinzi wengi tunaowaona kwenye benki na vituo vya mafuta, ile wanayoiita pampu, ni ndugu yake. Kinachotofautiana ni kwamba badala ya komeo la pembeni kuna mshikio chini ya mtutu unaovutwa na kurudishwa kama pampu ya baiskeli. Mlio wake wa "kach-kach" ndio unaopendwa na sinema. Ni bunduki yenye kishindo na madhara makubwa kwa karibu, lakini hakuna lolote la otomatiki ndani yake.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Ile gesi ya baruti inayoirusha risasi ina nguvu ya ziada, na mabingwa wa mitambo wa mwishoni mwa karne ya 19 waligundua kwamba nguvu hiyo inaweza kufanya kazi ya mkono. Bunduki nyingine huchota gesi kidogo kupitia tundu dogo kwenye mtutu ili isukume pistoni. Nyingine hutumia teke, yaani ule msukumo wa nyuma unaougonga bega la mfyatuaji. Kwa njia yoyote kati ya hizo, ganda tupu linatupwa na risasi mpya inaingia bila mtu kugusa chochote. Jibu la swali la kwanza limebadilika: mtambo ndio unaopakia. Ikiwa jibu la swali la pili bado ni mtu, yaani lazima kidole kiachie kisha kivute tena ndipo risasi nyingine itoke, basi hiyo ni nusu-otomatiki, au kwa jina ambalo mimi nalipendelea, bunduki inayojipakia.

Mfano wake uko juu ya meza ya kila ofisi: stepla. Ukibonyeza mara moja inatoka pini moja, na springi iliyomo ndani inasogeza pini inayofuata mahali pake bila wewe kuishika. Lakini ukibonyeza na kushikilia hata saa nzima, pini haiongezeki. Ukitaka ya pili, achia, bonyeza tena. Bastola nyingi za kisasa hufanya kazi kwa mantiki hiyo, na SAR ya yule mzee wa Mafinga pia. Silaha hiyo asili yake ni muundo wa Kirusi uitwao SKS, na toleo la Kichina lilienea sana katika majeshi ya Afrika. Ina kitako cha mbao, singe inayokunjwa chini ya mtutu, na magazini ya kudumu ya risasi 10. Kila risasi inahitaji uamuzi mpya wa kidole.

Bunduki inayofyatua mfululizo, ambayo ndiyo otomatiki kamili, inajibu maswali yote mawili kwa neno moja: mtambo. Kidole kikivuta na kushikilia, mzunguko wa kutupa ganda, kupakia na kufyatua unajirudia wenyewe mpaka kidole kiachie au magazini iishe. Jirani wa yule fundi wa Mwanjelwa ana cherehani cha umeme, na siku ya pili ya ubishi wetu nilimwomba afanye jambo moja. Alichukua sindano ya mkono akapiga mshono mmoja, akatoa, akapiga mwingine. Kisha akakanyaga pedali ya umeme na sindano ikaenda yenyewe, tiki-tiki-tiki, hadi alipoinua mguu. Kijana wa bodaboda aliitazama ile pindo, akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe mguu ni ule ule mmoja." Ndiyo. Mkanyago mmoja, mishono mingi: hiyo ndiyo maana ya otomatiki ambayo sheria nyingi duniani zinaishughulikia.

Mashine ya kwanza iliyofanikiwa kutumia nguvu ya teke kwa namna hiyo ilibuniwa na Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia Uingereza, mwaka 1884, na iliweza kufyatua risasi zipatazo 600 kwa dakika. Wazee wetu wanaiita bombomu. Kusini mwa nchi yetu ilijulikana kwa uchungu: tarehe 30 Agosti 1905, wakati wa vita vya Majimaji, wapiganaji walioishambulia boma ya Mahenge walikutana na bunduki za mtambo huo, na maji ya Kinjekitile hayakuwakinga. Kati ya Lugalo na Mahenge imepita miaka 14 tu.

SMG, ambayo wengi tunaijua kama AK-47 au kwa jina la mbunifu wake Kalashnikov, ilileta kitu kingine: uchaguzi. Upande wake wa kulia ina wenzo mrefu wa chuma wenye nafasi tatu. Juu kabisa silaha imefungwa, katikati inafyatua mfululizo, chini kabisa inafyatua moja moja. Ndiyo sababu swali "je, AK ni otomatiki?" halijibiki kwa neno moja, ni bunduki yenye tabia mbili, na mwenye kuishika ndiye anayechagua. Mwendo wake wa mfululizo ni kama risasi 600 kwa dakika, nao unasikika mkubwa hadi ukumbuke kwamba magazini yake ya kawaida ina risasi 30. Piga hesabu: risasi 10 kwa sekunde, magazini inaisha kwa sekunde tatu. Zile sinema ambazo shujaa anamwaga risasi dakika nzima bila kubadili magazini zimetudanganya pakubwa.

Sasa kauli ya yule mzee inaeleweka. SAR na SMG hutumia risasi ya aina moja, yenye kipenyo cha milimita 7.62 na ganda la urefu wa milimita 39. Zote mbili zinajipakia. Lakini SAR inasubiri kidole kila mara, na SMG inaweza isisubiri. Jina SMG lenyewe, kifupi cha Kiingereza cha submachine gun, nikiruhusiwa kuchepuka kidogo, lina historia ya kuchekesha, kwa sababu katika lugha ya wataalamu wa silaha linahusu bunduki fupi za mfululizo zinazotumia risasi ndogo za bastola, na Kalashnikov haitumii risasi hizo. Wachina ndio walioliweka toleo lao katika kundi hilo, nasi tulipopokea silaha tukapokea na jina. Hakuna haja ya kumsahihisha polisi wala mwandishi wa habari. Jina limeshaota mizizi na kila mtu anajua ni silaha ipi inayotajwa.

Kuna hali ya tatu ambayo haisikiki sana huku kwetu: kufyatua kwa mafungu. Kama vile muuza viazi wa Uyole asivyokuuzia kimoja wala gunia, bali fungu, zipo bunduki ambazo kidole kikivuta mara moja zinatoa risasi tatu kisha zinajisimamisha. M16A2 ya jeshi la Marekani iliwekewa utaratibu huo katika miaka ya 1980, kwa sababu uzoefu wa vita vya Vietnam ulionyesha kwamba askari akiachiwa mfululizo usio na kikomo anamaliza risasi bila kulenga. Kila risasi inapotoka mtutu unainuka kidogo, na katika mfululizo ile ya tano imeshaenda juu ya shabaha. Kwa hiyo hata majeshini, kinyume na watu wengi wanavyofikiri, askari wa miguu hufundishwa kufyatua moja moja kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Kwa macho ya sheria, fungu la risasi tatu kwa mvuto mmoja linahesabiwa pamoja na mfululizo, maana mvuto ni mmoja na risasi ni zaidi ya moja.

Nimesema "kwa macho ya sheria", na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu wanatarajia sheria ipime kasi au ukali wa umbo. Mfano bora ni Marekani, nchi ambayo habari zake za bunduki zinatufikia kila wiki. Sheria yao ya shirikisho ya mwaka 1934 inaielezea bunduki ya mfululizo kuwa ile inayotoa risasi zaidi ya moja, bila kupakiwa kwa mkono, kwa tendo moja la kifyatulio. Mwaka 1986 raia walikatazwa kumiliki silaha mpya za namna hiyo zilizotengenezwa baada ya tarehe iliyowekwa. Bunduki zinazojipakia, zikiwemo zile nyeusi za muundo wa AR-15, hazikuingia kwenye maelezo hayo, na kwa sheria ya shirikisho raia anaweza kuzinunua dukani, ingawa baadhi ya majimbo yamezikataza. Herufi AR, kwa njia, zinatokana na jina la kampuni iliyoibuni, ArmaLite. Hazina maana ya silaha ya mashambulizi kama inavyodhaniwa.

Ubishi wetu wa Mwanjelwa umewahi kufika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, tena kwa maneno karibu yaleyale. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017, serikali ya huko ilipiga marufuku kitako maalumu kinachotumia teke la bunduki kuifanya iteleze mbele na nyuma, hivyo kifyatulio kikawa kinagongana na kidole kwa kasi kubwa mno. Je, hiyo ni otomatiki? Tarehe 14 Juni 2024, majaji sita dhidi ya watatu waliamua kwamba siyo, kwa kuwa kila risasi bado inahitaji tendo lake la kifyatulio, hata kama matendo hayo yanafuatana kwa kasi ya ajabu. Jaji Sonia Sotomayor alipinga, akiandika kwamba akimwona ndege anayetembea kama bata, anayeogelea kama bata na kulia kama bata, yeye anamwita bata. Mimi binafsi, kama mpenda mitambo, naona hoja ya walio wengi inashika maneno ya sheria vizuri. Kama jirani wa watu, naona Sotomayor alikuwa akiitazama dunia ilivyo. Vyovyote iwavyo, kesi hiyo inaonyesha kwamba kasi peke yake haikuwa kipimo. Kipimo kilikuwa idadi ya risasi kwa tendo moja.

Nchi nyingine zimeuhamisha mstari. Uingereza, baada ya mauaji ya Hungerford ya mwaka 1987, ilikataza raia kumiliki karibu raifoli zote zinazojipakia isipokuwa za risasi ndogo kabisa. Australia ilifanya hivyo mwaka 1996 baada ya mauaji ya Port Arthur, na New Zealand mwaka 2019 baada ya yale ya Christchurch. Kwao swali la kwanza, nani anapakia, linatosha kuiweka raifoli upande wa marufuku. Swali la pili halifikiwi.

Na sisi? Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, inayohusu kudhibiti silaha ndogo na nyepesi katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, na kabla ya hapo nchi za SADC zilikuwa na itifaki yao ya mwaka 2001. Itifaki ya Nairobi inazitaka nchi wanachama ziweke katika sheria zao marufuku kamili kwa raia kumiliki na kutumia bunduki za rashasha, raifoli za mfululizo na raifoli zinazojipakia. Soma tena sehemu hiyo ya mwisho. Katika meza ya Nairobi, SAR na SMG zimekaa kwenye kiti kimoja, ilhali kule Marekani ukuta umejengwa katikati yao. Ndiyo maana kijana wa bodaboda, aliyeziita zote otomatiki, alikosea kwa mtambo lakini hakuwa mbali na roho ya itifaki.

Jambo linalowachanganya wengi ni bastola. Raia wa Tanzania mwenye leseni anaweza kumiliki bastola, na bastola nyingi hujipakia kama stepla. Inakuwaje basi? Jibu ni kwamba maneno ya itifaki yanahusu raifoli, yaani silaha ndefu yenye nguvu ya kufika mbali, na wala si kila kitu chenye mtambo wa kujipakia. Kwa hiyo kwetu haitoshi kuuliza nani anapakia. Lazima pia uulize ni silaha ya umbo gani na ya nguvu gani.

Sheria inayosimamia mambo haya nchini ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Chini ya utaratibu wake, silaha ya raia husajiliwa, mwenye nayo huwa na leseni, na leseni hiyo hutaja mtu na silaha mahususi. Maombi hayaanzii dukani. Huanzia kwenye serikali ya mtaa au kijiji, mahali ambapo watu wanamjua mwombaji na hasira zake, kisha hupanda kwenye kamati za ulinzi na usalama na Jeshi la Polisi. Bunduki za kufyatua mfululizo hazimo katika zile ambazo raia anaweza kuziombea leseni, hata awe tajiri kiasi gani.

Wawindaji nao wana kanuni zao za ziada. Wageni wanaokuja kwa uwindaji wa kitalii, kwa mfano katika pori la akiba la Rungwa jirani na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, huambiwa mapema waache nyumbani raifoli za otomatiki na za nusu-otomatiki; waje na zile za komeo au za mitutu miwili inayokunjwa. Kwa wanyama hatari kama nyati wanatakiwa pia wasiwe na risasi ndogo kuliko ile ya kipenyo cha inchi .375. Ukiyaweka masharti haya mawili pamoja, mantiki yake inaonekana: risasi iwe nzito ya kutosha kuua kwa haraka, na mfyatuaji alazimike kusimama kidogo kati ya risasi moja na nyingine, badala ya kunyunyizia kundi zima na kuacha majeruhi porini.

Nilipomaliza kueleza haya kibarazani, fundi aliacha kushona, akanivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kuhusu gobore la marehemu babu yake huko Makete, ambalo bado limelazwa juu ya dari ya jiko. Halijipakii, halifyatui mfululizo, na huenda baruti yake imeshakuwa tope. Je, nalo linahusika? Linahusika. Kwa mujibu wa maswali yangu mawili ndilo la chini kabisa kwenye ngazi, lakini polisi hataanza na maswali hayo. Ataanza kwa kuuliza leseni iko wapi, na leseni ya babu, hata kama ilikuwepo, ilikuwa ya babu. Harithi mtu silaha kama anavyorithi shamba la pareto. Nilimshauri asilifunge kwenye gunia na kupanda nalo basi la Njombe, kwa sababu akikutwa nalo njiani maelezo yake yatakuwa magumu. Aanze kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, wao wawajulishe polisi, na polisi waje walichukue au waelekeze namna ya kulisalimisha, hasa katika vile vipindi ambavyo Jeshi la Polisi hutangaza msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari. Alifikiri kidogo, akaitazama sindano ya cherehani, akasema atampigia simu mjomba wake usiku uleule.